Wakili ameshinda kesi ya mama, sasa amezuia mkataba wa kiwanja anataka asilimia 10 ambayo hatukukubaliana

Wakuu salaam. Mawakili mliomo humu, naomba msome mpaka chini kabla hamjaanza kumtetea mwenzenu.

Mama yangu ana kiwanja Nala, hapa Dodoma. Alikipata enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa inagawa viwanja, na mkataba wake wa miaka 33 anao. Samahani, alikuwa nao, nitafika huko. Wenyeji wa Dodoma mnajua kilichofuata: CDA ikavunjwa 2017, mambo ya viwanja yakahamia halmashauri, serikali ikahamia, na ardhi ambayo watu walikuwa wanaikimbia kwa sababu ya vumbi ikageuka dhahabu. Akaibuka mtu na karatasi zake, anasema kiwanja ni chake, akamwaga mawe na mchanga. Tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kesi yenyewe siisimulii. Tulishinda, na hukumu inasema mdaiwa alipe gharama. Ugomvi wangu ni na wakili wetu.

Makubaliano yalifanyika ofisini kwake. Mimi nilikuwepo, mama alikuwepo, karani wake alikuwepo. Milioni tatu, kesi nzima pale barazani, kuanzia kufungua mpaka hukumu. Nusu tulitoa siku ileile, nusu kabla mashahidi hawajaanza kusikilizwa. Mama akaomba waandikishane. Jibu likawa, "Mama yangu, mimi na wewe tena? Karani atachapa, mtakuja kusaini." Huo mkataba unachapwa mpaka leo. Na huyu ndiye anayewaambia watu kila siku kwamba mambo ya ardhi hayaendi kwa mdomo!

Baada ya hapo ikawa ni hela tu. Hela ya kufungulia shauri, laki nne. Nilikuja kuiona bili ya serikali yenye kontroo namba, haikufika hata robo ya hiyo. Iliyobaki akasema ni "uwezeshaji". Uwezeshaji wa nani? Kimya. Kisha kila tarehe kesi ikitajwa, laki moja, na hiyo haikuwa kwenye makubaliano. Kuna tarehe mwenyekiti hakuwepo, tukapangiwa tarehe nyingine na kuondoka, laki ikadaiwa. Kuna tarehe yeye mwenyewe hakutokea, akaja kijana mmoja "kumshikia mikoba", kijana wa watu hata jina la mama alilisoma kwenye jalada, laki ikadaiwa vilevile, na ya kijana juu.

Siku ya baraza kutembelea eneo ndiyo siwezi kuisahau. Laki sita, gari na mengineyo. Tumefika Nala, jua la saa saba, mwenyekiti wa baraza anataka kuonyeshwa bikoni, lile jiwe la mpaka lenye namba. Wakili msomi kasimama chini ya mti na simu sikioni, viatu vyake havitaki vumbi. Mama yangu, mtu wa miaka zaidi ya 60, ndiye aliyetembea mpaka kona ya mwisho, akachutama, akaanza kufukua udongo kwa kandambili mpaka namba ya bikoni ikaonekana. Mwenyekiti akainama akaisoma, akaandika. Kwa maoni yangu kesi tuliishindia pale. Wakili alikuja kujiunga nasi wakati watu wanapanda gari.

Hela zote hizo zilikwenda kwa simu, nyingine kwa namba yenye jina la mtu tusiyemjua kabisa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatukuwahi kuiona hata moja. Nikiuliza naambiwa mashine ina hitilafu. Mashine ya EFD ya wakili inaharibika kuliko ya muuza vifaa vya ujenzi wa pale Majengo, na yule anafanya kazi kwenye saruji kutwa.

Sasa hukumu imetoka. Mama kapiga magoti kanisani kashukuru, kampelekea wakili mbuzi. Ndiyo, mbuzi mzima. Wiki haijaisha ujumbe unaingia WhatsApp, naunakili kama ulivyo: "Mbukwenyi mama. Salio la ada ya kitaalamu ni 6,500,000. Asante." Basi. Hakuna barua yenye nembo ya ofisi, hakuna mchanganuo, hakuna sahihi. Nikapiga simu, nikaambiwa hiyo ni asilimia 10 ya thamani ya kiwanja, kwa sababu kiwanja sasa kina thamani ya milioni 65. Nani kathamini? Kuna dalali kamwambia. Mthamini hajakanyaga pale, wakili mwenyewe hajafika kwenye bikoni, lakini thamani anayo.

Na mkataba wa CDA anao yeye. Barazani ulionyeshwa halisi, nakala ikabaki kama kielelezo, halisi ikarudi mikononi mwake. Tumeuomba kwa heshima, mama kaenda mwenyewe ofisini. Kaambiwa, "Mama yangu, lipa salio uchukue nyaraka zako." Faili zima kalikalia.

Najua kuna watakaosema wakili ana haki ya kushikilia nyaraka za mteja mpaka alipwe. Sawa, kwa deni. Deni liko wapi? Milioni tatu ililipwa yote na ziada juu. Ananitajia Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali (GN) namba 264. Nimeitafuta nimeisoma. Ina majedwali ya viwango, sikatai. Sijaona mahali panaposema wakili aliyekubali bei yake anaweza kusubiri ashinde ndipo aje na bei ya pili. Na kanuni za maadili yao za 2018 zinataka ada iwe wazi kwa mteja na iwe ya haki. Uwazi gani huu wa mstari mmoja wa WhatsApp?

Kinachonipandisha presha zaidi ni muda. Amri hiyohiyo anayonitishia nayo inampa aliyeshinda siku 60 tangu siku ya amri ya gharama kufungua maombi ya kukadiriwa gharama zake, yaani kupangiwa kiasi ambacho aliyeshindwa atamrudishia. Zikipita, mdaiwa anaondoka bure. Na ukienda kukadiriwa unatakiwa uonyeshe risiti za ulichotumia. Zipi? Zile ambazo mashine ina hitilafu? Yaani kwa kukataa kutoa risiti huyu bwana anamkinga mtu aliyemwaga mchanga kwenye kiwanja cha mama. Huyo naye ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na akikata leo sisi tunajibu na nini wakati faili liko kabatini kwa mtu anayetudai?

Kabla hamjauliza: ndiyo, nimemtafuta kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili, jina lipo. Si kishoka, yaani wakili feki. Afadhali angekuwa kishoka, ningeenda polisi moja kwa moja. Na msinielekeze msaada wa kisheria wa bure, mama hakushindwa kulipa, amelipa.

Nilichokwisha fanya: nakala ya hukumu nimeiomba mwenyewe barazani. Barua ya kudai mkataba na ankara yenye mchanganuo nimeipeleka ofisini kwake, karani kagoma kugonga muhuri wa kupokea, nikaipiga picha barua ikiwa mezani kwake. Nimempa siku saba. Zikiisha nakwenda Kamati ya Mawakili. Kamati inaongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu na ina uwezo wa kumsimamisha wakili au kumfuta kabisa kwenye orodha. TRA pia nitapita na miamala yote ya simu niliyochapisha.

Jina lake silitaji, msinisumbue inbox. Ninachotaka kwenu ni mambo mawili. Aliyewahi kupeleka malalamiko kwenye Kamati aniambie kiapo chake alikiandikaje na aliambatanisha nini. Na aliyewahi kufungua maombi ya gharama mwenyewe, bila wakili, pale baraza la Dodoma, aniambie alianzia dirisha gani, maana hizo siku 60 zinahesabika na mimi Jumatatu asubuhi niko pale.