Titi moja limekuwa gumu baada ya kuwekewa silikoni, nifanyeje?

Binti_Kgmboni: Habari zenu wapendwa. Niliwekewa silikoni za matiti Uturuki miaka kadhaa iliyopita. Sasa titi la kushoto limekuwa gumu, limepanda juu kuliko mwenzake, na nikililalia linauma. Homa sina, ngozi iko kawaida. Kuna dada anauza mafuta, anasema nikikandwa litalainika. Hospitali niliyofanyiwa hawajibu meseji. Naogopa jamani.

Nesi wa Zamu: Pole mdogo wangu. Usikubali kukandwa. Mwili ukiwekewa kitu kigeni hukizungushia utando wa kovu, kila mtu anao. Shida ni utando ukikaza na kuibana silikoni. Kuna ngazi 4: ya kwanza titi ni laini, ya tatu ni gumu na umbo limeharibika, ya nne linauma pia. Wewe naona uko huko mwisho, na mafuta hayafiki kwenye kovu la ndani. Mara nyingi dawa yake ni upasuaji: utando unatolewa, silikoni inabadilishwa au inaondolewa kabisa. Ukiweka nyingine, kovu linaweza kurudi, hilo ulijue mapema.

Mtu wa Tegeta: Si tunaambiwa zinadumu maisha?

Nesi wa Zamu: Hapana kaka. Zinachakaa, na ya jeli inaweza kupasuka mhusika asihisi chochote. Ndiyo maana apige ultrasaundi au MRI kabla ya kuamua lolote.

Mama Wawili: Mdogo wangu, tafuta kadi uliyopewa siku ya upasuaji, ina jina la kampuni na aina ya silikoni. Mimi niliwekewa baada ya saratani, kwa hiyo haya mambo nayafuatilia. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan waliziondoa sokoni duniani kote zile za Biocell zenye ganda la kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani ya limfu inayoanzia kwenye utando huo. Ni nadra, usikose usingizi. Ila titi likija kuvimba ghafla, usiridhike na antibayotiki tu. Maji yaliyojaa ndani yavutwe yakapimwe.

Binti_Kgmboni: Asanteni mno. Kadi ninayo, imeandikwa ganda laini. Nianzie wapi?

Nesi wa Zamu: Kwa daktari wa upasuaji rekebishi, siyo saluni wala kliniki ya urembo. Nenda na kadi. Na ukiambiwa upige mamogramu, yaani eksirei ya titi, mwambie mpigaji mapema kwamba una silikoni, kuna namna yake ya kulipanga titi. Ukipata homa au titi likawa jekundu na la moto, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.