Nani kawafundisha watoto wetu kuwa mama zao ni "tegemezi"?

Asalaam alaykum wanajamvi. Mie ni mwalimu wa Kiswahili skuli moja huku Pemba. Naandika usiku huu na hasira zangu, atakaye kunirushia mawe anirushie, lakini asome kwanza mpaka chini.

Nimetoka kusahihisha fasihi, kidato cha tatu. Swali ni lile la miaka nenda miaka rudi: eleza nafasi ya mwanamke katika riwaya uliyosoma. Karatasi arubaini na mbili, majibu kama yaliyopigwa muhuri. Chombo cha starehe, mvumilivu, mlezi, tegemezi. Kwa mpangilio ule ule, mpaka makosa ya tahajia yale yale, maana yametoka kwenye kitini kimoja kinachouzwa kwenye duka la fotokopi.

Sasa kuna karatasi imeninyanyua kwenye kiti. Ya mtoto wa kike ninayemjua, na mama yake namjua. Mama huyo analima mwani. Likija bamvu, maji yakitoka tu yuko pwani, kainama saa kadhaa anafunga mwani kwenye kamba, kamba kwenye vigingi, macho yanamuwasha kwa chumvi, kisha anapanda na gunia bichi kichwani linamchuruzikia mgongoni. Sare, viatu, madaftari, hata hicho kitini, vyote pesa ya mwani. Baba yupo, mzima wa afya, barazani na dhumna lake. Na mtoto kaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: mwanamke ni tegemezi, hana mchango katika uchumi. Mwongozo wa kusahihisha unasema hoja hiyo ina alama mbili. Nikampa! Ndiyo maana silali.

Msinambie tatizo ni kitini tu. Fungueni hizo riwaya. Mwanamme akitokea, tunaambiwa ni kuli, baharia, karani. Mwanamke akitokea, ukurasa mzima shingo ya upanga, mwanya, kiuno cha nyigu. Kazi yake? Mzuri. Atadanganywa, atachukua mimba, atalia. Na akithubutu kujitafutia riziki, mkono wa mwandishi unampeleka danguroni.

Wapo waliotetea, sikatai. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa hapa hapa Pemba, katika riwaya yake Utengano ya 1980 alimvaa waziwazi baba anayewafungia mke na binti ndani. Binti huyo, Maimuna, alikuwa na kila sababu ya kukimbia. Lakini wanafunzi wangu wanakumbuka danguro alikoangukia, ule ukuta uliomkimbiza hawaukumbuki. Hilo si la mwandishi, ni letu tunaosomesha orodha badala ya kitabu.

Na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu tunayejisifia naye, je? Alitoka Fumba akiuza vyungu mjini, na 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Mwanamke mwenye biashara, sauti na safari. Kwenye kitini hayumo.

Kilimo cha mwani kimeanza Unguja, pwani ya mashariki, mwaka 1989. Wengi wa wakulima wake ni wanawake. Siku hizi ile aina yenye bei nzuri inaoza kwa joto la maji, nao wanazidi kuingia kina kirefu wakati wengi wao kuogelea hawajui. Ukitaka kisa cha kusisimua, kipi kimezidi hicho? Riwaya ambayo mhusika wake mkuu analima mwani mie bado sijaitia mkononi. Mwenye kuijua aitaje hapa, nitaitafuta kwa udi na uvumba.

Yule mtoto nilimwita. Nikamuuliza, mama yako anafanya kazi gani?

"Hana kazi, maalim. Analima mwani tu."

Na mwenye kitini, kama umo humu, usinifuate pembeni kuniuzia toleo jipya.