Nimepewa dakika tano za kumzungumzia mama, na farasi wake bado anamngoja getini

Mtoa mada

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na mnivumilie maana nitaandika kirefu.

Mama yangu alifariki wiki tatu zilizopita. Jumamosi ijayo tunakutana ndugu, majirani na watu wa bandani kwake kumkumbuka, na mimi kitindamimba nimepewa dakika tano za kuzungumza. Kaka yangu mkubwa ameniandikia ya kusema: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi ya ukarani miaka 31, ameacha watoto wanne. Yote ni kweli, lakini nikiyasoma kwa sauti simwoni mama humo.

Mama alikuwa mtu wa farasi. Alipata polio akiwa na miaka minne, mguu wa kulia ukabaki mwembamba, akachechemea maisha yake yote. Ngazi zilimtesa. Ila akishakaa kwenye tandiko, mgeni asingejua kabisa. Mgongo unanyooka, mabega yanashuka, farasi anaanza kwenda kana kwamba wamekubaliana tangu jana. Alikuwa akisema, "Mungu kanipunguzia mmoja, kaniongezea minne." Akitoka kazini lazima apitie bandani kwanza ndipo aje nyumbani, na siku za Jumamosi alikuwa akiwafundisha kupanda watoto wenye ulemavu, bila malipo.

Sasa kaka hataki niutaje mguu. Anasema siku ya heshima si siku ya kumtangazia mtu ulemavu wake. Mimi naona nikiuacha mguu, nimemwacha mama mwenyewe.

La pili ni Subira, farasi wake jike wa miaka 26. Kila jioni, saa ile ile mama aliyokuwa akifika, anakuja getini na kusimama masikio yameelekea barabarani. Nimeshindwa kumwangalia. Nikiri kwamba naogopa farasi tangu utotoni, na ndugu zangu wanasema auzwe. Jana nimelichukua koti la mama la bandani, mfukoni nimekuta kipande cha kamba ya kufungia nyasi, singa tatu nne na nusu karoti iliyokauka. Nimelia kuliko siku ya mazishi.

Nifanyeje, na nianze wapi kusema?

Hatamu Mkononi

Pole sana mkuu. Mimi nasema utaje mguu, tena uanze nao.

Nikupe mfano wa Lis Hartel, mwanamke wa Denmark. Alipata polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, miguu ikapooza kuanzia magotini kwenda chini. Alirudi kwenye farasi hivyo hivyo. Mwaka 1952, Olimpiki ya Helsinki, ilikuwa mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana na wanaume kwenye dressage, yaani mashindano ya kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi. Kabla ya hapo ilikuwa ni ya wanaume tu, wengi wao maafisa wa jeshi. Hartel alilazimika kusaidiwa kupanda na kusaidiwa kushuka, na akatwaa medali ya fedha akiwa na farasi wake Jubilee, akishindana na wanaume. Mwaka 1956 akatwaa fedha tena. Watu wanaowapandisha farasi watoto wenye ulemavu, kama alivyofanya mama yako, wengi wanamhesabu yeye kuwa ndiye aliyewafungulia njia. Mtu akimsimulia Hartel bila kutaja miguu yake, atakuwa amesimulia nini?

Mtoa mada

Mkuu, nimesoma nikasimama. Juu ya meza ya mama pana picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mwanamke juu ya farasi. Miaka yote nilidhani ni pambo. Nimeitoa sasa hivi kwenye fremu. Nyuma ameandika kwa mkono wake, "Helsinki 1952".

Jioni Njema

Pole ndugu yangu. Wazo langu ni kumleta Subira mwenyewe siku hiyo. Malkia Elizabeth II alipozikwa Septemba 2022, farasi wake mdogo Emma alisimamishwa kando ya njia kule Windsor, skafu ya malkia ikiwa juu ya tandiko, jeneza likipita. Mimi si mtu wa farasi, lakini nililia palepale. Hakuna hotuba ingesema vile.

Mganga wa Mifugo

Poleni na msiba. Kazi yangu ni wanyama, niseme kwa upole kwamba wazo la kumleta lina hatari. Farasi wa miaka 26 ni mzee. Wengi huishi 25 hadi 30. Kumweka ghafla mbele ya watu, vipaza sauti na vilio asivyovizoea, anaweza kushtuka akajiumiza au akaumiza mtu. Pelekeni tandiko, yeye abaki bandani.

Kuhusu kuuzwa, fikirini sana. Meno ya umri huo yamekwisha kusagika, na kila badiliko la lishe linatakiwa liende polepole, siku saba hadi kumi, mkichanganya ya zamani na mpya. Farasi hawezi kutapika, na hiyo ni moja ya sababu msokoto wa tumbo unaweza kumuua upesi. Ukimwona anageuka kutazama ubavu wake, anagaragara, au ameacha kula, usingoje asubuhi. Mpigie daktari. Na asikae peke yake: farasi ni mnyama wa kundi, mwenzake yeyote mtulivu atamsaidia kuliko sisi wote hapa.

Kwamba anamngoja mama yako, sishangai. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2012 kuwa farasi huoanisha sauti ya mtu anayemfahamu na sura yake. Anawajua watu wake mmoja mmoja. Pia ameizoea saa. Basi mtu mmoja aende saa hiyo hiyo kila siku, afanye yale yale mama aliyokuwa akifanya, kwa utaratibu ule ule.

Singa Ndefu

Ukitaka kumbukumbu ya kushika, kata singa chache za mkia. Chukua kwa ndani, chini, zisionekane, na uzifunge uzi kabla ya kukata zisitawanyike. Osha, kausha, suka. Usikate nyingi, ndiyo silaha yake dhidi ya nzi na huchukua miaka kurudi. Ila zile za mfukoni usizisuke. Ziache na koti.

Mtoto wa Kwanza

Nitatofautiana kidogo na wenzangu. Mimi ndiye kaka mkubwa kwetu, na baba yetu alikuwa kipofu. Kaka yako huenda haoni aibu. Huenda yeye ndiye aliyekuwa akitembea na mama mbele za watu kabla hujazaliwa, akasikia waliyokuwa wakisema. Kabla hujasimama Jumamosi, mwulize. Usimwulize kama anakubali. Mwulize anakumbuka nini.

Mtoa mada

Asanteni wote. Mtoto wa Kwanza, Mungu akubariki. Nilimpigia kaka usiku. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kuwa akiwa darasa la tatu watoto walikuwa wakiiga mwendo wa mama kila anapomfikisha shuleni, na yeye alipigana karibu kila wiki. Mama hakuwahi kujua kwa nini shati lake lilikuwa likichanika. Sisi pia hatukujua. Mwishowe akasema, "Hiyo sehemu ya mguu niachie mimi niiseme." Kwa hiyo dakika tano tumegawana. Yeye ataanza na mguu, mimi nitamalizia na ile minne. Picha ya Helsinki itakuwa mezani, na tandiko pembeni yake.

Subira hauzwi. Jirani wa banda ana farasi mzee pia, watahamishiwa uwanja mmoja.

Jana jioni nilivaa koti la mama nikaenda getini saa ile. Magoti yalikuwa yakitetemeka, sifichi. Alinikaribia polepole, akanusa mkono wa koti, akashuka hadi mfukoni, akasukuma kwa pua mpaka nikaitoa ile nusu karoti. Aliitafuna taratibu. Kisha akaninyanyulia shingo juu ya bega na kuendelea kutazama barabarani. Nami nikageuka, tukatazama wote hadi giza lilipoingia.