Tupeane uzoefu: Umewahi kulala na kula kwenye nyumba ya wageni ya kale kijijini Uingereza ukakuta imechakaa?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Nawaomba hasa mlioko Uingereza, au mliopita huko kwa masomo, kazi au matembezi, tuambiane ukweli kuhusu hizi nyumba za wageni za kale za vijijini. Zile ambazo tangazo lake lina picha ya moto unawaka ukutani, boriti nyeusi darini na maelezo kwamba wasafiri wamelala hapo tangu enzi za magari ya farasi.

Mimi na mke wangu tulichukua moja kule Cotswolds, pauni 140 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwemo. Nje ni pazuri, sitadanganya. Kuta za mawe ya manjano, waridi limepanda mpaka dirishani. Ndani, harufu ya unyevu ilitupokea mlangoni. Nyuma ya kitanda ukungu mweusi ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa mito, na mtu alikuwa ameupaka rangi nyeupe juu yake. Rangi imevimba, ukiigusa inabanduka na kubaki kwenye vidole. Shuka zilikuwa safi, ila zina ubichi wa nguo iliyoanuliwa kabla haijakauka. Maji ya kuoga yalikuwa ya uvuguvugu, na hata hayo yakakatika mke wangu akiwa na sabuni kichwani.

Tulipouliza mapokezi tukajibiwa kwamba nyumba ni ya zamani, ndivyo zilivyo.

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa, maana sikubaliani nalo hata kidogo. Sakafu iliyopinda, mlango mfupi unaokulazimisha kuinama, ngazi zinazolia usiku, hivyo ni uzee wa nyumba, na nimevilipia kwa hiari yangu. Ukungu uliopakwa rangi una mtu aliyeuona na kuamua kuuficha. Karibuni, leteni ya kwenu.

Fundi wa Leeds

Mkuu, pole sana wewe na shemeji. Hizi nyumba ndizo kazi yangu, acha nieleze kidogo.

Kuta zile nene zilijengwa kwa mawe na chokaa. Hazina ile tabaka ya kuzuia maji chini ya ukuta ambayo nyumba za siku hizi zinayo. Unyevu uliingia, lakini chokaa iliuachia utoke tena. Halafu akaja mwenye nyumba mmoja akapiga saruji nje na rangi isiyopitisha hewa ndani. Saruji ikapata nyufa, mvua ikaingia, njia ya kutoka hakuna. Ukuta unaloa mwaka mzima na vichwa vya boriti vilivyochomekwa humo vinaanza kuoza. Kupaka rangi juu ya ukungu hakutibu chochote. Inatakiwa kung'oa ile saruji, kurudishia chokaa na kuupa ukuta muda mrefu wa kukauka.

Wenye hoteli watakuambia sheria imewafunga mikono. Ni kweli nyingi ziko kwenye orodha ya majengo ya urithi, yenye daraja la I, la II lenye nyota na la II. Ukibadilisha sura au muundo wa jengo la namna hiyo bila kibali cha halmashauri, unatenda kosa la jinai kwa sheria ya majengo ya urithi ya 1990. Lakini hakuna sheria inayokataza kuzibua mfereji wa paa, na mara nyingi nikiitwa kwenye ukuta unaolowa, naanzia huko juu nakuta majani yameoza yamejaa. Wala hakuna kibali kinachoombwa ili ununue godoro jipya.

Yangu mimi ilikuwa Yorkshire Dales, nilikuwa nafanya kazi jirani. Chumba kikavu, hakina shida. Godoro ndilo lilikuwa na shimo katikati, springi zinahesabika kwa mbavu. Nikalitoa, nikalala kwenye zulia.

Mama Pacha

Mimi wa kula. Tulikuwa tunaishi Bristol, tukawapeleka wakwe Devon siku ya Jumapili wakaonje ile nyama ya oveni ambayo Waingereza wanaisifia, na viazi vya kuoka, mboga na mchuzi wa kahawia. Nyumba yenyewe ya kuezekwa kwa nyasi, watu wanapiga picha barabarani.

Nyama ilikuwa imekatwa mapema ikawekwa chini ya taa. Kingo zimekauka zimejikunja, katikati ya baridi. Mchuzi ulikuwa na utando juu, ukiuchoma na uma unainuka wote kwa pamoja. Karoti zimechemshwa mpaka zimepoteza rangi. Pauni 21 sahani moja! Baba mkwe ni mtu wa adabu, akala kimya, na mimi kila alipomeza nilikuwa naumia.

Anayehudumia ni binti mmoja tu, meza zote na kaunta ya vinywaji ni yeye. Anakimbia, anaomba radhi kabla hujasema neno. Nilimwita meneja, nikamwambia nyama hii imekaa na siwezi kuilipia bei kamili. Akapunguza sahani mbili. Bili ilikuwa na ada ya huduma ya asilimia 12.5 iliyoandikwa kuwa ni ya hiari. Mume wangu alitaka iondolewe, nikakataa. Tangu Oktoba 2024 sheria inataka bahshishi yote iende kwa wafanyakazi bila mwajiri kukata, na yule binti alistahili.

Mpishi Mstaafu

Mama Pacha, umefanya vyema kumwita mkubwa badala ya kumfokea mtoto wa watu. Nimepika kwenye jikoni za namna hiyo miaka mingi, na nakwambia mara nyingi aliyeko mbele yako si mwenye nyumba. Ni mpangaji wa kampuni inayomiliki nyumba. Analipa kodi ya pango, mikataba mingi inamlazimu kununua bia kwa kampuni hiyo hiyo, na baadhi inamwachia matengenezo yote, paa likiwemo. Boila, mtambo wa kupasha maji, ikifa Novemba anachagua, boila au kodi. Halafu anapunguza mpishi, na nyama ya Jumapili inachomwa alfajiri na mtu mmoja.

Namhurumia, lakini sikubali mteja ndiye abebe. Kama huwezi kupika vyumba vyote vya kulia vikijaa, punguza meza.

Mnaotafuta pa kula, someni orodha ya vyakula kwanza. Ukikuta kurasa na kurasa, kari, pai, samaki, tambi, na jikoni ni mtu na msaidizi wake, ujue vingi vinatoka kwenye friza. Orodha fupi inayobadilika ni dalili njema. Tazameni pia alama ya usafi wa chakula, inaanzia 0 mpaka 5. Wales kuibandika mlangoni ni lazima tangu 2013. England ni hiari, kwa hiyo usipoiona mlangoni itafute kwenye tovuti ya Food Standards Agency, idara ya serikali ya usalama wa chakula, zipo zote kwa jina la sehemu.

Msomi wa Durham

Naomba nizitetee kidogo, maana nazipenda. Mwaka 1784 magari ya farasi ya posta yalianza kutoka Bristol kwenda London, na mtindo ukaenea nchi nzima. Farasi walibadilishwa kila baada ya maili chache, abiria wakapata chakula na kitanda, ndiyo maana unakuta kijiji kidogo kina nyumba yenye lango kubwa la kupita gari na uwanja wa mazizi nyuma. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa 1830, nyingine zikafuata, na barabara zile zikakauka wateja. Zilizobaki zimepita mikononi mwa watu wengi. Tukiziacha zioze, hazijengwi tena.

Kwa sababu hiyo hiyo nilikasirika nilipolala Northumberland. Meko ya sebuleni ilikuwa inarudisha moshi ndani. Wageni wanakohoa, mhudumu anafungua dirisha na kuongeza kuni! Chumba changu kilikuwa juu yake moja kwa moja, nikaanza kuumwa kichwa. Jamani, hapo msiwe wapole. Dohani ikiziba, gesi ya kaboni monoksidi inarudi ndani, haina harufu wala rangi, na inaua mtu usingizini. Nilishuka nikauliza kama juu kuna kifaa cha kutoa tahadhari ya gesi hiyo, wakaangaliana. Nikasema nahamia upande wa pili wa jengo au naondoka na pesa yangu. Wakauzima moto na kunihamisha.

Mdau wa Reading

Mtoa mada, umelipia kwa kadi gani? Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi wa kutosha, na alichokuandikia mfanyabiashara, ukakitegemea kufanya uamuzi, kinahesabika kuwa sehemu ya mkataba. Wakishindwa, unaweza kudai punguzo la bei. Na ukilipia moja kwa moja kwa hoteli kwa kadi ya mkopo, kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya 1974 kinaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja nao.

Piga picha, shuka mapokezi usiku ule ule, omba chumba kingine, na wakikataa andika barua pepe hapo hapo ili saa ionekane. Mimi nilirudishiwa nusu, Shropshire, kwa kitanda kilicholowa na dari inayovuja.

Mtoa mada

Asanteni sana wote. Fundi, nimemsomea mke wangu maelezo yako ya chokaa, ameelewa kwa nini ukuta ule ulikuwa umeloa. Nililipia kwa kadi ya mkopo na picha ninazo. Barua nimewatumia leo asubuhi, nimedai nusu ya malipo ya malazi na nimewaomba wakifunge chumba kile mpaka ukuta ukauke. Mrejesho nitauleta hapa hapa.

Wazazi wangu wanakuja Agosti na wanatamani kulala Wales. Mwenye kujua nyumba ya kale ambayo ni kavu, yenye chumba cha chini, mzee hapandi ngazi, naomba aniandikie.