Kijana wa masomo ya nyumbani amebaki nyuma: aongezwe mwaka au amalize na rika lake?

mama_wa_watatu
Salamu zenu nyote. Jambo hili nimekaa nalo tangu Ramadhani, leo nalitoa mnisaidie.

Kijana wangu ana miaka 17. Shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa darasa la tano. Babake alikuwa akifanya kazi hotelini huku Pwani. Watalii wakakatika, kazi ikaisha. Shule zilipofunguliwa Januari 2021, karo ya ile shule ya kibinafsi hatukuwa nayo tena. Nikasema nitamsomesha mwenyewe kwa muda. Muda umekuwa miaka sita. Mwanzo tulitumia vijitabu vya kujisomea, baadaye tukashika njia ya IGCSE, ile mitihani ya sekondari ya kimataifa, kwa kuwa huko mtahiniwa wa kujitegemea anasajiliwa. Kiingereza na historia yuko sawa. Hesabu nilikuwa naziruka siku nikichoka, na nilichoka siku nyingi.

Wenzake wa darasa la tano sasa wako kidato cha tatu. Watafanya KCSE, mtihani wa taifa wa Kenya wa kidato cha nne, 2027, nao ndio kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu. Nilitaka mitihani yake yote iangukie mwaka huohuo, lakini naona hatafika. Babake anasema aongezwe mwaka, hata miwili. Ami yake anasema akishachukua kitambulisho ni mtu mzima, atafute kazi.

Nauliza kwa ajili yangu na kwa ajili ya wengine walio kama mimi: sisi tunaosomesha nyumbani, tuna haki ya kumwongezea mtoto miaka tutakavyo? Shuleni wangemruhusu?

kaka_voi
Aongezwe, tena bila aibu. Watu tumesahau haraka. Julai 2020 Waziri Magoha alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea, na waliokuwa wafanye KCSE Novemba wakaifanya Machi na Aprili 2021. Nchi nzima iliongezewa muda kwa tangazo moja. Mimi nilikuwa katika kundi hilo. Nimeomba kazi sehemu nyingi na hakuna aliyewahi kuniuliza mbona nilichelewa.

fundi_changamwe
Kaka, nyinyi mliongezewa miezi, tena wote pamoja. Huyu anaongezewa peke yake, sebuleni, na mwalimu yuleyule. Nisamehe mama, sina nia ya kukuumiza, umesema mwenyewe. Kama hesabu zimerukwa miaka sita, nani atakayezifundisha huo wa saba?

Nina vijana wawili kwenye karakana ya stima. Mmoja alimaliza kidato cha nne na gredi ambayo hataki itajwe. Hesabu alizozikimbia darasani sasa anazipiga juu ya ngazi: ampea, urefu wa waya, mzigo wa jiko na wa pampu. Vyuo vya kiufundi vina kozi za mafundi zinazompokea mtu mwenye gredi yoyote, na siku hizi hata aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa akapewa cheti. Akae nyumbani afanye nini?

mpita_njia
Shule ya msingi ya serikali haina karo, na 2021 zilikuwa wazi. Tusiongee kana kwamba hakukuwa na njia.

wakili_wa_baraza
Mama ameuliza kuhusu haki, nijibu hilo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kuzuiliwa darasani. Sababu tunaijua: kulikuwa na shule zilizowarudisha watoto dhaifu darasa ili wastani wa mtihani usishuke. Kwa hiyo angekuwa shuleni angesukumwa mbele pamoja na pengo lake, na leo angekuwa kidato cha tatu akinakili kazi ya jirani. Hapo ndipo nisipokubali kwamba kubaki nyuma ni ugonjwa wa masomo ya nyumbani. Nimesaili vijana wenye vyeti wasioweza kupiga asilimia 16 ya VAT bila simu.

Lakini mama, sheria hiyohiyo inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Ukiulizwa, uwe na cha kuonyesha: daftari, tarehe, mitihani. Mwaka wa ziada usio na karatasi hata moja utakuwa mgumu kuutetea mbele ya yeyote.

Na msimshauri arudi shule akae darasa moja chini. Darasa hilo halipo. Nyuma ya kundi lake ni CBC, mfumo mpya wa elimu, na hao wameingia Gredi ya 10 Januari hii, mtaala mwingine kabisa. Nyuma yake ni ukuta.

kaka_voi
Basi wewe uko upande gani?

wakili_wa_baraza
Nimeketi barazani, nasikiliza pande zote.

binti_pate
Mimi nilisomeshwa nyumbani tangu mwanzo hadi mwisho. Niliongezewa miaka miwili na sikuambiwa. Nilikuwa napewa kitabu, nikikimaliza napewa kingine, mpaka siku binamu yangu, ambaye nilikuwa nikimsomea barua zake, alipokuja kuaga anakwenda chuo Eldoret. Usiku ule nikahesabu kwa vidole.

Miaka yenyewe ilinifaa. Nilipata C ya hesabu ambayo nisingeipata mapema. Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni kwamba nyumba nzima ilijua isipokuwa mimi. Mama wa watatu, katika maelezo yako babake yumo, ami yake yumo, hata karo imo. Yeye mwenyewe amesema nini?

Na jingine, mtanisamehe. Angekuwa msichana, mwaka huo wa ziada mngeuita mwaka wa posa. Wangu uliitwa hivyo.

kaka_voi
Pole dada. Lakini watu wamesoma na umri mkubwa zaidi. Mzee Maruge aliingia darasa la kwanza 2004 akiwa na miaka 84.

binti_pate
Nilijua Maruge ataletwa tu. Mzee yule alikwenda kwa miguu yake, kwa hiari yake, na watu wakampigia makofi. Kijana wa miaka 18 anayekuta wenzake wakimsubiri uwanjani na sare za chuo hapigiwi makofi na mtu.

mwalimu_mstaafu
Binti Pate amenitangulia, na amesema vizuri kuliko mimi.

Nimefundisha hesabu miaka 31. Mzazi akiniambia mtoto amebaki nyuma, bado hajaniambia kitu. Nyuma wapi? Mama, tafuta karatasi ya zamani ya hesabu ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane. Maswali 50, saa mbili. Mpe kijana na penseli, kikokotoo kikae kabatini. Akimaliza usiandike alama juu. Panga makosa kwa mada. Utaona makosa hayakutapakaa, yamejazana mahali pawili patatu. Kwa wanafunzi wangu yalikuwa karibu kila mara kwenye sehemu, nambari hasi na uwiano. Mtu huyo ukimpa aljebra atakwambia haiwezi, kumbe alianguka zamani, pale palipotakiwa kujumlisha theluthi na robo. Pengo la namna hiyo ni kazi ya miezi, ukilishika lenyewe. Usipolishika, mwaka utapita, na wa pili utapita.

Sasa mtihani. IGCSE haimfungi mtahiniwa kufanya masomo yote kwa mpigo mmoja. Kuna msimu wa Mei na Juni, kuna wa Oktoba na Novemba. Malipo ni kwa kila somo, na si haba, kwa hiyo usimsajili kwa pupa. Kiingereza na historia afanye 2027 pamoja na rika lake, apate cheti mkononi, aonje kufaulu. Hesabu zimfuate baadaye. Nazo zina ngazi mbili: Core, ambayo gredi yake ya juu kabisa ni C, na Extended, inayofika A*. Akitaka uhandisi, ya kwanza haimfikishi. Akitaka kozi isiyodai hesabu nyingi, huenda ikamtosha. Ndiyo maana swali la Binti Pate linatangulia la babake: huwezi kujua anahitaji muda gani hujamsikia anataka kwenda wapi.

Kura yangu: asiongezwe mwaka. Aongezwe hesabu. Saa mbili kila asubuhi na mtu mwingine, si wewe mama, maana nyinyi wawili mmeshazoeana kuziruka. Mchana aende kwa Fundi Changamwe.

fundi_changamwe
Aje. Avae viatu vya kufunika vidole, sitaki kandambili kwenye karakana.

kaka_voi
Mwalimu, hiyo ni kuongeza mwaka kwa jina jingine. Hesabu zikifanywa 2028, atakuwa na miaka 19 hajamaliza. Na mwalimu wa saa mbili kila siku analipwa na nani?

mwalimu_mstaafu
Jina nakuachia. La pesa ni kweli, sina jibu la kumfaa kila mtu. Mimi ningetafuta mwanafunzi wa chuo kikuu wakati wa likizo ndefu, wengi watafundisha kwa nauli na chakula. Likizo ikiisha, anza kuuliza msikitini na kanisani.

mama_wa_watatu
Nimerudi baada ya siku nne. Mpita njia, nikujibu kwanza wewe. Shule ya serikali nilikwenda kuiona. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati na korona ilikuwa bado ipo, nikaogopa. Hiyo ndiyo sababu ya mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata ilikuwa kiburi. Nilishawatangazia majirani kwamba namsomesha mwenyewe, ningerudi nyuma vipi?

Juzi baada ya magharibi nilimwita kijana nikamwambia tunafikiria kumwongeza mwaka. Akaniuliza, "Mwaka wa nini?" Sikuwa na jibu. Nikamsomea maneno ya Binti Pate. Akacheka kidogo, akasema yeye alishajua tangu mwaka jana, alikuwa akiona vitabu vya rafiki yake wa kidato cha pili. Alikuwa akingoja nimwambie.

Karatasi ya KCPE tumefanya. Alipata 23 katika 50, na alikaa karibu saa tatu badala ya mbili. Maumbo na vipimo alipata karibu yote. Sehemu alikosa zote, hata moja hakupata. Mwalimu, umeona kama ulikuwapo.

Anataka stima. Kwa fundi anakwenda Jumanne na Alhamisi, viatu tumepata vya babake. Kuhusu 2028 bado hatujakubaliana nyumbani, na ami yake hajapendezwa.

Mwalimu, ukiwa na karatasi ya mwaka mwingine naiomba. Hii ameshayashika majibu.