Taka za jikoni Dar: shimo, ndoo ya mboji, kuku au gari la taka?

Binti_Tabata
Wakuu, habari za mchana. Naomba tulinganishe jambo hili kwa walioshika kazi yenyewe. Nakaa Tabata, nyumba ya kupanga, familia nne uani mmoja. Uani wenyewe ni mdogo, nusu zege nusu udongo. Gari la taka linapita likijisikia, na masika barabara ikiharibika ndiyo halionekani kabisa, viroba vinalundikana barazani mpaka vinapasuka. Kinachojaza kiroba changu ni maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi, mashina ya mchicha na ugali uliolala. Chupa na makopo nayaweka pembeni, kuna kijana wa toroli anapitia.

Naona njia nne: kuchimba shimo, ndoo za mboji, kufuga kuku wachache, au kuendelea kutegemea gari. Jirani anachoma kila jioni, plastiki humohumo, moshi unaingia hadi anapolala mtoto. Hiyo kwangu si njia, siiweki kwenye ulinganisho. Ninyi mnafanyaje?

Mkulima_wa_Goba
Salama dada. Mimi ni mtu wa shimo, lakini nina eneo. Unachimba mawili, kimo cha kiunoni kinatosha. La kwanza likijaa unafukia unahamia la pili, na la pili likijaa la kwanza limeshaoza, unachota udongo mweusi unapeleka kwenye migomba. Kila ukimwaga taka unafunika na udongo kidogo, nzi hawapati nafasi. Gharama yake ni jembe tu.

Ila kwa maelezo yako, sikushauri. Sehemu nyingi za Tabata zinateremkia bonde la Msimbazi, maji ya ardhini yako karibu, na masika shimo litageuka kuwa dimbwi linalonuka. Kama kuna kisima jirani ndiyo kabisa usithubutu. Shimo ni la Goba, Mbezi ya ndani, Chanika, huko ambako kiwanja kinapumua.

Dada_Sinza
Ndoo, mpenzi. Naishi ghorofani Sinza, sina hata futi moja ya udongo, na maganda yangu hayafiki kwenye kiroba cha taka.

Chukua ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko. Pasha msumari motoni, toboa matundu chini na ubavuni, weka beseni la kukinga maji yatakayochuruzika. Chini tandika maranda au maboksi yaliyochanwa vipande vidogo. Kila ukimwaga konzi moja ya maganda, funika na konzi mbili za vitu vikavu: maranda, majani makavu, boksi la mayai. Watu wengi wanakosea hapo. Wanamwaga maganda matupu, siku ya tatu ndoo inanuka, wanasema mboji haifai mjini. Kinachonuka ni unyevu uliokosa hewa. Ongeza vikavu, koroga na kijiti, kesho yake harufu imekata.

Kupima unyevu, chota kiganjani ufinye. Tone moja au mawili yakitoka, uko vizuri. Yakichuruzika, ongeza maranda. Kukiwa kukavu kabisa, nyunyiza maji uliyooshea mchele.

Kata maganda madogomadogo, ganda zima la ndizi linachukua muda. Ndoo ya kwanza ikijaa unaifunga unaanza ya pili. Kwa joto la Dar, miezi 2 hadi 3 unakuta kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama ardhi baada ya mvua. Ndoo ni ndogo, haipati joto la kuua mbegu, kwa hiyo ukiweka kwenye maua utaona nyanya na mipapai inajiotea. Mimi nahamishia kwenye makopo.

Angalizo la maranda: muulize fundi seremala ametumia mbao gani. Mbao za kupaua zenye dawa, zile za rangi ya kijani, maranda yake usiyaweke kabisa kwenye kitu kitakachokuja kukuza mboga.

Mzee_wa_Mbagala
Dada Sinza umeeleza vizuri, lakini familia nne kwa ndoo mbili hazitoshi. Nyumba ikipika ndizi Jumapili ndoo imejaa.

Kuku wanamaliza kazi siku hiyohiyo. Mashina ya mchicha, machicha, mabaki ya wali, yote yanakwenda. Unapata mayai, unapata na mbolea. Lakini kuku si jalala, na hapa naomba watu wasikilize. Ugali ulioota ukungu usiwape, sumukuvu haichagui kiumbe. Maganda na kokwa la parachichi ni sumu kwa ndege. Maharage mabichi pia hapana. Na kama uani ni wa kuchangia, zungumza kwanza na mwenye nyumba na majirani, kwa sababu kuku watano wanaozurura wanaweza kuvunja ujirani wa miaka.

Dada_Sinza
Mzee shikamoo. Ni kweli ndoo mbili ni za kaya moja. Kwa familia nne, upande ule wa udongo weka pipa la lita 200 lililokatwa kitako, likae juu ya ardhi moja kwa moja, chini yake tandika wavu wa kuku wa matundu madogo ili panya wasichimbe. Utaratibu ni uleule, kimoja kibichi, viwili vikavu. Pipa lina faida nyingine, linapata joto kuliko ndoo.

Kigamboni_Fresh
Hamjataja funza. Nafuga kuku na napata chakula chao humohumo kwenye mabaki, kwa kutumia funza wa nzi weusi, wafugaji tunawaita BSF. Ukisikia funza usikunje uso. Nzi aliyekomaa wa aina hii hatafuti chakula chako, maisha yake ni kutaga tu, hajazani jikoni kama nzi wa kawaida. Funza wake wanakula hata vile ambavyo mboji haitaki: utumbo wa samaki, vichwa vya dagaa, ugali, wali. Wiki mbili hivi wameshanenepa, unawamwagia kuku.

Lakini kwa uani wa Tabata wenye familia nne sipendekezi. Inataka mtu wa kuangalia kila siku, kivuli, na majirani wenye roho ya kuvumilia harufu. Ni nzuri kwa mfugaji.

Taka_ni_Kazi
Nafanya kazi na kikundi cha kuzoa taka, naomba nisemee upande wa gari maana linalaumiwa tu.

Taka za Dar zikipakiwa zote pamoja zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, mbali na nyumba nyingi za mji huu. Zaidi ya nusu ya kinachobebwa ni vitu vya kuoza, yaani maji. Gari linachoma mafuta kusafirisha maji ya maganda. Na vikifukiwa kule bila hewa vinatoa gesi ya methani, ndiyo maana dampo huwaka moto na moshi wake hauishi.

Kinachotuumiza zaidi sisi ni mchanganyiko. Chupa ya maji safi na kavu ina mnunuzi. Chupa hiyohiyo ikitoka kwenye kiroba cha mchuzi na machicha, kwanza lazima ioshwe, na boksi lililolowa halina bei kabisa. Kwa hiyo dada, njia yoyote utakayochagua, vyombo viwili ndani ya nyumba: kibichi huku, kikavu kule. Hata usipotengeneza mboji, hilo peke yake linabadilisha kazi yetu.

Na lipia gari bado. Mboji haili betri, vioo, wala mabaki ya sabuni. Wanaosema hili haliwezekani mjini waende Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio limefanya kazi na wakazi kutenganisha taka nyumba kwa nyumba. Na Mabwepande kuna kiwanda cha mboji cha Manispaa ya Kinondoni, kilichotokana na ushirikiano na jiji la Hamburg. Taka za sokoni zilizotenganishwa zina pa kwenda.

Binti_Tabata
Nimewaelewa sana. Shimo nimeliondoa, funza nimemwachia Kigamboni. Nimezungumza na wenzangu watatu wa uani, wawili wamekubali pipa, mmoja anaogopa panya na harufu. Maswali yangu: vifuu na makumbi vinaingia? Majivu ya jiko la mkaa? Na pampasi tufanyeje? Tuna watoto wawili wadogo hapa, na ukweli ni kwamba pampasi ndiyo zinanuka kuliko hayo maganda yote.

Dada_Sinza
Vifuu visiingie, vitakaa mwaka havijaoza. Mpe muuza chipsi au washia jiko, vinawaka vizuri. Makumbi yachambue nyuzi, hizo ni vikavu safi kabisa, zinachanganyika na maganda vizuri kuliko boksi. Majivu kidogo sana, kijiko kimoja kwa wiki, mengi yanalitia pipa magadi kupita kiasi na wadudu wazuri wanakufa.

Huyo anayeogopa harufu mpe yeye kazi ya vikavu. Aweke kiroba cha maranda pembeni ya pipa, awe anahakikisha hakuna ganda linaloonekana juu. Mtu akishika kazi mwenyewe anaona. Nyama, samaki na mafuta visiingie, panya hatakuwa na cha kufuata.

Mama_Kijichi
Kwenye pampasi nimepita, acha niseme. Hazifai kwenye pipa, hazifai kwa kuku, na tafadhali msizichome wala msizitupe kwenye mfereji, hizo ndizo zinaziba maji yakija yanaingia ndani kwa watu. Ndani yake kuna plastiki na ile jeli inayovimba.

Nilichofanya ni kupunguza. Mchana, mtoto akiwa nyumbani, nepi za kitambaa. Duka la vitambaa ukiomba pamba nzito wanajua. Kila nepi chafu unamwaga choo kwanza, unaloweka kwenye ndoo yenye kifuniko, jioni unafua, jua la Dar linakausha haraka. Pampasi nabakiza za usiku na za safari. Nazo namwaga choo chooni, nazikunja zijifunge zenyewe, zinaingia kwenye kiroba kikavu cha gari. Kwa kuwa hakina tena maganda, kiroba hicho kinaweza kusubiri gari wiki nzima bila kupasuka.