Baba hajagoma

KIKUNDI: Familia ya Machame

Kaka Dar: Habari za jioni wote. Nimetoka kuongea na Mama. Baba ameshinda kwenye kiti barazani tangu asubuhi, hata chai kainywa kwa kubembelezwa. Tangu kile kiharusi mkono umerudi, anatembea, anaongea vizuri. Sasa shida ni nini? Naona kama anadeka.

Shangazi: Kaka yangu hajawahi kudeka tangu azaliwe. Chunga ulimi, mwanangu.

Kaka Dar: Nisamehe Shangazi, ni uchungu tu. Mtu aliyekuwa shambani saa kumi na mbili asubuhi, leo ukimwuliza anataka nini, jibu ni "hamna".

Dada Nesi: Kaka, Baba hajagoma. Sehemu za mbele za ubongo zimeunganishwa na sehemu za ndani kabisa, na hapo ndipo wazo la kufanya kitu linapogeuka kuwa kunyanyuka na kukifanya. Kiharusi kikiharibu njia hizo, uwezo unabaki ila mtu haanzi mwenyewe. Ni gari lenye injini nzima ila stata imekufa, lazima lisukumwe. Hali hii huitwa kutojali. Humpata takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi, na wenye Alzheimer (ugonjwa wa kusahau) na Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) pia.

Binamu Arusha: Si ndiyo sonona hiyo? Aandikiwe dawa.

Dada Nesi: Vinaweza kuja pamoja, ila ni vitu viwili. Mwenye sonona anaumia ndani: anajilaumu, analia, anaona bora asingekuwepo. Baba wajukuu wakija anacheka, wakiondoka anakaa kimya bila huzuni yoyote. Daktari wa kliniki alimpima sonona, hakuiona. Na baadhi ya dawa za sonona zinaweza hata kuongeza huku kutojali. Za presha asiache hata siku moja, hizo zinamkinga na kiharusi kingine.

Mama Mdogo: Haya, tufanyeje sasa?

Dada Nesi: Kwanza tuache kumwuliza "unataka kufanya nini?" Swali hilo linadai kile kile kilichoumia. Mwambie "Baba, twende kwa mbuzi", huku unampa fimbo mkononi. Au mpe viwili achague: ndizi au uji? Kama ni kuoga, hatua moja moja, kwanza shati, halafu maji. Saa ile ile kila siku, ili mazoea yamsukume.

Dada Nesi: Na kazi iwe ya kwake. Msimpe vitu vya kumshughulisha tu kama mtoto. Yule mtaalamu wa utengamao, anayesaidia wagonjwa warudi kwenye shughuli zao, aliniuliza mambo mengi kuhusu Baba wa zamani: alipenda nini, alikuwa anasifiwa kwa nini. Nikamwambia kahawa na kwaya, alikuwa besi. Akasema tuanzie hapo. Nyimbo alizoimba ujanani, kutembea kidogo kila siku, kazi ya mikono anayoijua.

Kitindamimba: Leo nimemwekea ungo wa kahawa kavu mapajani, nikaanza kuchagua mwenyewe bila kusema kitu. Akaangalia weee, akaingiza mkono. Kisha akanikosoa: "Hii si ya kutupa." Amechagua karibu ungo mzima!

Shangazi: Mungu wangu. Huyo ndiye kaka yangu.

Binamu Arusha: Ila kuna ushahidi wowote, au ni kubahatisha?

Dada Nesi: Upo, hasa wa muziki na shughuli zilizochaguliwa kumfuata mtu mwenyewe. Hautoshi kuahidi muujiza, na tukiacha anaweza kurudi kimya. Hapo hapo Hai, wazee wenye shida ya kumbukumbu waliwahi kukutanishwa kwenye vikundi vidogo, vikao 14 vya nyimbo, mazungumzo na vitu vya kushika. Mpango ulianzia Uingereza, ukarekebishwa ili hata asiyejua kusoma ashiriki. Ulilenga zaidi kumbukumbu, lakini kwangu lililo kubwa ni kwamba wazee wa hapa hapa, kwa vitu vyao, walishiriki.

Mama: Nimesoma yote. Kumuuguza baba yenu sijachoka. Nachoka kuwa peke yangu ninayesema, asubuhi mpaka jioni.

Kaka Dar: Mama, pole sana. Kuanzia kesho nampigia mimi kila saa moja jioni.

Dada Nesi: Kaka, usimwulize "unaendeleaje", atasema "salama" na kukata. Mwulize jambo: mbuzi yupi kazaa, kahawa ya juu imekauka? Binamu, wewe Jumamosi uje ushinde naye, Mama aende kwenye kikundi chake cha akina mama. Mchoko wa Mama nao tuutibu.

Binamu Arusha: Nipo. Nakuja na spika yangu ya nyimbo za kwaya.

Dada Nesi: Na akibadilika ghafla, akalala kupita kiasi, akachanganyikiwa au mdomo ukaenda upande, hiyo siyo hali hii. Hospitali moja kwa moja.

Shangazi: Jumapili nampitia tuende ibadani, akae karibu na kwaya. Msimwulize kama anataka kwenda. Mwambieni tu dada yako amekuja kukuchukua.

Mama: Nitampigia pasi suti Jumamosi usiku. Wifi, uje mapema, kuvaa kunachukua muda.